Wakongwe, Ukabaji na Timu Inayosukwa Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Kikapu Tanga

Maswali haya hurudi kila msimu kwenye vijiwe vya kikapu, kuanzia Chumbageni hadi Ngamiani, hasa timu dhaifu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zinapoanza kuuza wachezaji wao wenye umri. Anayejibu ana msimamo, na ni vizuri uujue mapema: timu inayosukwa upya imuuze mkongwe mfungaji akiwa bado ana soko, na ihakikishe haibaki bila mkongwe anayejua kukaba. Kama wewe ni wa upande wa "tuwaachie watoto wote uwanja", majibu mengine yatakukera kidogo.

Timu "inayosukwa upya" ni ipi hasa?

Ni timu iliyokubali, hadharani au kimoyomoyo, kwamba msimu huu si wake na ujao pengine pia si wake. Inaacha kununua ushindi wa leo. Inakusanya makinda, machaguo ya drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu) na nafasi ya kulipa mishahara mikubwa siku za mbele.

Mfano unaotajwa zaidi ni Oklahoma City Thunder. Mwaka 2019 walimtoa Paul George kwenda Los Angeles Clippers, wakapokea Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo 5 ya raundi ya kwanza na haki 2 za kubadilishana nafasi za kuchagua, yaani kuchukua nafasi ya Clippers ikiwa ni nzuri kuliko yao. Msimu wa 2020-21 walishinda mechi 22 na kupoteza 50. Mwaka 2022, mojawapo ya machaguo yale ya Clippers liliwapa Jalen Williams, mtu wa 12 kuchaguliwa. Msimu wa 2024-25 walishinda mechi 68 za msimu wa kawaida na kutwaa ubingwa.

Wengi wanaishia hapo kwenye hadithi. Sacramento Kings nao walisuka, wakafumua, wakasuka tena, na walikaa misimu 16 mfululizo bila kuingia hatua ya mtoano, hadi 2023. Kusuka upya si ahadi.

Tukipoteza mechi nyingi si tunapata chaguo la kwanza?

Hapana. Kanuni iliyoanza 2019 ilizipa timu tatu zenye matokeo mabaya zaidi nafasi sawa kwenye bahati nasibu ya chaguo la kwanza, asilimia 14 kila moja. Waulize Detroit Pistons. Walikuwa wa mwisho kabisa 2022-23, wakaangukia nafasi ya tano. Wakawa wa mwisho tena 2023-24, ushindi 14 na vipigo 68, vikiwemo 28 mfululizo, wakaangukia nafasi ya tano tena.

Kwa nini timu imuuze mkongwe ambaye bado anacheza vizuri?

Kwa sababu bado anacheza vizuri. Wanaokwenda pale Deep Sea wanajua kwamba bei ya samaki saa moja asubuhi si bei ya saa nane mchana, na samaki ni yule yule. Mchezaji wa miaka 31 mwenye misimu miwili kwenye mkataba ana wanunuzi. Akifika 33, mkataba ukiwa umebaki miezi mitatu, wanunuzi wanajua huna ujanja, na wengine watasubiri tu muda uishe wamchukue bure.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 15 Machi 2012. Portland Trail Blazers, msimu ukiwa umewaharibikia, walimtoa Gerald Wallace kwenda New Jersey Nets. Wallace alikuwa na miaka 29, mkabaji wa daraja la juu, aliyewahi kuwekwa kwenye kikosi bora cha wakabaji wa ligi. Portland walipokea wachezaji wawili wa kujazia hesabu na chaguo la raundi ya kwanza lenye kinga ya nafasi tatu za juu (likiangukia humo lingebaki kwa Nets). Chaguo likaangukia namba sita. Wakamchukua Damian Lillard.

Utaona mfano huu unaupinga kidogo msimamo wangu, maana aliyeuzwa alikuwa mkabaji. Ni kweli. Nasema umthamini mkabaji. Sijasema umfungie kabatini. Mtu akikuletea chaguo la raundi ya kwanza linaloweza kuangukia nafasi za juu, unapeana mkono na kumtakia mwenzako safari njema.

Basi kwa nini ung'ang'anie ukabaji? Si pointi ndizo zinazoshinda mechi?

Sababu ya kwanza ni kumjua kinda wako. Kijana wa miaka 20 akiachwa na mtu wake, na nyuma yake hakuna anayesogea kuziba wala anayepiga kelele kumwambia skrini, yaani mpinzani anayesimama kumzibia njia, inatoka kushoto, utasema hajui kukaba. Huenda anajua. Huna namna ya kupima, kwa sababu kila kosa lake linaishia kwenye kikapu. Weka nyuma yake mkongwe mmoja anayesoma mchezo na ghafla unaona kijana anakosea wapi na anapatia wapi. Timu inayosukwa upya haina kazi kubwa kuliko hiyo: kujua yupi kati ya watoto wake wanane anafaa kulipwa mshahara mkubwa baadaye.

Sababu ya pili ni kwamba ukabaji unarudi haraka kuliko ufungaji. Mtupaji mzuri humfundishi kwa miezi mitatu, lakini kurudi nyuma kwa kasi, kusimama mahali panapostahili na kuongea uwanjani ni mambo ya kocha mkali na watu wawili watatu wa kuyasimamia. Houston Rockets walishinda mechi 22 tu msimu wa 2022-23. Wakamleta kocha Ime Udoka, wakawasajili Fred VanVleet na Dillon Brooks, wote watu wa kukaba na wenye midomo. Msimu uliofuata walishinda 41 na kupoteza 41, na ukabaji wao ulitoka kundi la mkiani hadi nusu ya juu ya ligi. Wa baada ya hapo, ushindi 52.

Kuna jambo watu hulisahau kuhusu Houston. Hawakuwa na faida kubwa ya kupoteza msimu ule, maana chaguo lao la 2024 lilikuwa linakwenda Oklahoma City iwapo lisingeangukia nafasi nne za juu. Timu ambayo chaguo lake liko mfukoni mwa mwingine haina sababu ya kuvumilia vipigo. Kabla ya kumlaumu meneja wako kwa kununua wakongwe, angalia kwanza chaguo lenu liko kwa nani.

Detroit nao, baada ya msimu ule wa ushindi 14, walibadili kocha na kuongeza watu wazima kama Tobias Harris, wakapanda hadi ushindi 44 mwaka 2024-25. Nisidanganye: Malik Beasley na Tim Hardaway Jr., waliokuja naye, kazi yao ilikuwa kutupa kutoka mbali zaidi kuliko kukaba. Lakini roho ya ukabaji wa timu ile ilikuwa Ausar Thompson, kinda aliyepatikana kwenye ile nafasi ya tano ya kwanza niliyoitaja juu, ya 2023. Mtoto wa namna hiyo hukua vizuri akizungukwa na watu wanaojua kusimama.

Kwa nini Memphis walimtoa Hasheem Thabeet wetu?

Hili haliishi, na sitegemei liishe. Nchi nzima ilikesha 2009 kijana wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili kwenye drafti, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na urefu wa mita 2.21, na katika ligi yao ya vyuo alikuwa ametajwa mlinzi bora. Memphis Grizzlies walikuwa timu inayosukwa upya. Kwenye karatasi, senta (mchezaji mrefu wa chini ya goli) mkabaji ndiye hasa waliyemhitaji.

Februari 2011 wakamtoa. Thabeet, DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza walikwenda Houston. Memphis wakapata Shane Battier na Ish Smith. Battier alikuwa na miaka 32, mkataba wake unaisha miezi michache mbele. Hapa kwetu ilionekana dhuluma: mtoto auzwe, na chaguo juu yake, kwa ajili ya mzee mwenye takwimu za kawaida kabisa!

Lakini tazama Memphis walikuwa wapi wakati huo. Hawakuwa tena mwanzoni mwa kusuka. Marc Gasol, waliyepata haki zake walipomtoa kaka yake Pau kwenda Los Angeles Lakers mwaka 2008, alikuwa ameshakomaa na kuziba ile nafasi ambayo Thabeet aliandaliwa. Zach Randolph alikuwa moto. Tony Allen alikuwa amekuja kuwauma watu miguuni. Rudy Gay aliumia bega mwezi ule ule, na timu ikahitaji fowadi wa kukaba wafungaji wakubwa wa wapinzani. Battier ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: hana bloku nyingi (kuzuia mitupo hewani), haporipori mpira ovyo, ila mtu wake hutupa kutoka mahali asipopapenda, mkono ukiwa usoni.

Memphis waliingia mtoano wakiwa wa nane, wakakutana na San Antonio Spurs walioshinda mechi 61. Mechi ya kwanza, sekunde kama 24 zimebaki, Battier akatupa pointi tatu iliyowapa uongozi. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu hiyo. Wakawatoa Spurs kwa mechi 4 kwa 2, kisha wakafika mechi ya saba na Oklahoma City. Desemba mwaka huo Battier akaenda Miami Heat na kutwaa ubingwa mara mbili. Yaani Memphis walimpata kwa miezi michache tu, na sidhani kuna shabiki wao anayejuta.

Kwa Thabeet mwenyewe haikuwa nzuri. Houston hawakumpa dakika. Machi 2012, siku ile ile Wallace alipouzwa, Houston wakamtoa kwenda Portland ili wampate Marcus Camby, mwenye miaka 37, aliyewahi kuwa mkabaji bora wa ligi mwaka 2007. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja na ushei, kijana wetu mkabaji akatolewa kwa ajili ya mkongwe mkabaji. Ninachokiona hapo ni kwamba urefu na bloku za chuoni zilikuwa ni mwanzo wa ukabaji tu, na Memphis ilimkuta akihitaji muda wakati wao muda ulikuwa umewaishia. Angeangukia timu iliyokuwa mwanzoni kabisa mwa kusuka, yenye senta mzee wa kukaa naye mazoezini kila siku, ningependa sana kuona.

Nitajuaje kama mtu anakaba kweli? Naangalia bloku na mipira aliyopora.

Angalia, lakini usiishie hapo. Kuna wanaopora mipira miwili kwa mechi kwa kuruka ovyo kila pasi, na kila wanapokosa, timu inabaki wanne dhidi ya watano. Kuna wa kuruka bloku kila mtupo, mpinzani akidanganya tu wameshapaa na faulo juu. Wapo pia ambao namba zinawasema kweli. Dyson Daniels wa Atlanta Hawks aliongoza ligi kwa kupora 2024-25, wastani wa mipira 3 kwa mechi, na ukimtazama unaona ni kazi ya miguu na mikono mirefu, hakuna kamari pale.

Kwa timu nzima, tumia pointi inazofungwa kwa kila mashambulizi 100, usitumie pointi kwa mechi. Tuseme timu moja inafungwa pointi 118 kwa mechi yenye mashambulizi 104, nyingine inafungwa 112 kwenye mashambulizi 96. Kijiweni watakwambia ya pili inakaba zaidi. Gawanya: ya kwanza inaruhusu 113.5 kwa kila 100, ya pili 116.7. Ya kwanza inacheza haraka tu.

Kwa mtu mmoja mmoja, hesabu zinateleza. Mkabaji mzuri kwenye timu mbovu huonekana mbovu, na mzembe aliyezungukwa na wakabaji huonekana shujaa. Ndiyo maana, unapotaka kumnunua mkongwe kutoka timu nzuri, jiulize alikuwa amesimama karibu na nani.

Kwa hiyo tazama mechi, na usiufuate mpira. Mtazame yeye. Akipigwa skrini anapita juu yake, anakwama, au anajifanya amekwama? Mpira ukiwa upande wa pili, amemgeukia mtu wake tu au anaona vyote viwili? Mtupo ukipaa, anatafuta mwili wa kuuzuia au anautazama mpira kama mtazamaji? Anaongea? Kwenye luninga husikii, lakini utauona mkono unaonyesha na kichwa kinageuka. Halafu swali kubwa kuliko yote: kocha anampa nani amkabe robo ya mwisho? Kocha anaweza kusema chochote kwa waandishi. Robo ya mwisho hasemi uongo.

Mfano wa karibuni: mechi ya saba ya nusu fainali ya Magharibi 2025, Oklahoma City walimpeleka Alex Caruso, gadi wa mita 1.96, akamkabe Nikola Jokić wa Denver mwenye mita 2.11. Ulikuwa uamuzi wa kichaa kwa macho ya kawaida, na ukafanya kazi. Hakuna safu ya takwimu ambayo ingekuambia mapema kwamba Caruso anaweza hilo.

Mtu wa miaka 33 miguu si imekwisha? Atamkaba nani?

Inategemea anacheza wapi. Gadi na fowadi wa pembeni hushuka mapema, kwa sababu maisha yao ni kukimbizana na wenye kasi. Senta anayejua kusimama hudumu. Dikembe Mutombo alitajwa mkabaji bora wa ligi mwaka 2001 akiwa na miaka 34, msimu ambao Philadelphia 76ers walimchukua kutoka Atlanta katikati ya njia na kufika fainali. Rudy Gobert aliipata tuzo hiyo 2024 akiwa na 31.

Lakini timu inayosukwa upya haimnunui mzee ili amkabe nyota wa wapinzani usiku kucha. Inanunua macho na sauti yake. Chris Paul alicheza mechi zote 82 kwa San Antonio 2024-25, msimu aliotimiza miaka 40, pembeni ya Victor Wembanyama. Spurs walitoka ushindi 22 hadi 34.

Bei ya haki ya mkongwe mkabaji ni ipi?

Soko halina huruma wala mantiki moja, ila ukipanga mabadilishano ya karibuni unaona ngazi.

Chini kabisa yuko mkabaji msaidizi. Desemba 2024, Brooklyn Nets walimtoa Dorian Finney-Smith kwenda Lakers wakapata D'Angelo Russell, kijana mmoja na machaguo 3 ya raundi ya pili. Hiyo ni bei ya kawaida, na ukiwa muuzaji usijidanganye kwamba utapata zaidi.

Katikati kuna kubadilishana kichwa kwa kichwa. Caruso huyo huyo alipatikana Juni 2024 kwa Josh Giddey peke yake, bila chaguo hata moja. Chicago Bulls walilalamikiwa sana na mashabiki wao, na mimi nawaunga mkono mashabiki: mkabaji wa namna ile alistahili angalau chaguo moja la kusindikiza.

Juu kabisa ni wazimu. Mwezi huo huo Brooklyn walimtoa Mikal Bridges kwenda New York Knicks kwa machaguo 5 ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nafasi. Mwaka 2022 Minnesota Timberwolves walimtaka Gobert hadi wakawapa Utah Jazz machaguo 4 ya raundi ya kwanza, haki moja ya kubadilishana na kundi la wachezaji, Walker Kessler akiwemo. Watu walicheka. Msimu wa 2023-24 Minnesota wakawa na ukabaji bora kuliko timu yoyote, wakafika fainali ya Magharibi, na mwaka uliofuata tena. Hata hivyo Minnesota walikuwa na Anthony Edwards tayari. Ukiwa bado unasuka, bei hiyo ni ya kuipokea. Kuilipa hapana.

Kuna namna ya kumuuza mtu mzima na kupata mkabaji kinda papo hapo?

Ipo, na ndiyo biashara tamu kuliko zote. Atlanta walitoa machaguo 3 ya raundi ya kwanza mwaka 2022 kumpata Dejounte Murray. Haikuwalipa. Mwaka 2024 wakamtoa kwenda New Orleans Pelicans, wakarudishiwa Daniels niliyemtaja, wachezaji wengine na machaguo 2 ya raundi ya kwanza. Daniels alikuwa na miaka 21. Msimu huo akatajwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi.

Nimesikia timu inaweza kulipwa ili impokee mkongwe. Kweli?

Kweli kabisa, na hapa ndipo mameneja wajanja wanapokula. Timu inayotaka kushinda sasa ikibanwa na mishahara, hutafuta mahali pa kumtua mtu mwenye mkataba mnene. Wewe unayesuka una nafasi. Unasema: nitampokea, lakini mniwekee kitu juu.

Desemba 2020 Philadelphia walimpeleka Al Horford Oklahoma City, na juu yake wakaongeza chaguo la raundi ya kwanza la 2025. Horford, senta mkabaji, alikaa na watoto wa Thunder nusu msimu, kisha akapumzishwa. Kiangazi cha 2021 wakampeleka Boston Celtics, wakapokea Kemba Walker na chaguo la 16, ambalo nalo waliligeuza kuwa machaguo 2 ya mbele. Mzee mmoja, malipo mara mbili. Horford mwenyewe akaja kuwa bingwa na Boston 2024, kwa hiyo hakuna aliyelia.

Ila lile chaguo la 2025 lilikuwa na kinga ya nafasi sita za juu. Kinga maana yake ni kwamba likiangukia humo linabaki kwa mwenyewe. Philadelphia wakaharibikiwa msimu mzima, likaangukia namba tatu, wakabaki nalo na kumchagua VJ Edgecombe. Kwa hiyo ukisikia "tumepata chaguo la raundi ya kwanza", usishangilie kabla hujauliza lina kinga gani.

San Antonio nao 2024 walimpokea Harrison Barnes kutoka Sacramento na wakapewa haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2031. Barnes si mkabaji wa kutisha, ila husimama anapotakiwa kusimama. Kwa kumpokea ukalipwa juu? Kabisa.

Na kinyume chake: timu ikinunua wazee kabla ya wakati?

Brooklyn, 2013. Kevin Garnett, Paul Pierce na Jason Terry, kwa machaguo ya 2014, 2016 na 2018 bila kinga, na haki ya kubadilishana 2017. Boston wakapata humo Jaylen Brown, na njia iliyowafikisha kwa Jayson Tatum. Sina la kuongeza.

Wakongwe wangapi wanatosha?

Kwa maoni yangu wawili, ukizidi sana watatu, na mmoja awe senta. Mikataba iwe mifupi. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema hapa Tanga. Wanaosema penye wazee haliharibiki neno hawajaona wazee watano wakirudi nyuma kuzuia shambulizi la kasi.

Hatari yenyewe si idadi, ni dakika. Kocha anayeogopa kufukuzwa atawachezesha wakongwe dakika 34 ili ashinde mechi mbili za Januari, na watoto watakaa benchi wakijifunza kupiga makofi. Hilo huliponyi kwa hotuba. Meneja anamuuza mkongwe, kocha anabaki hana wa kumchezesha ila watoto.

Kocha, shikamoo. Timu yetu ya mtaa imeondokewa na vijana sita waliomaliza kidato cha sita, wengine wameenda Dar. Tunasuka upya. Hesabu hizi za NBA zinatufaa?

Marahaba. Za mishahara na drafti hazikuhusu, huku mchezaji humbadilishi kwa mwingine, anaondoka tu na begi lake. Ya ukabaji inakuhusu zaidi kuliko inavyowahusu wao.

Kwanza, mnachezea nje, kwenye sakafu ya saruji, na kusi ikianza kuvuma kutoka baharini mtupo wa mbali unaupigia ramli. Timu inayotegemea watupaji siku hiyo haipo. Inayokaba ipo siku zote. Pili, vijana wenu wataendelea kuondoka kila mwaka, hilo hamlizuii. Kinachobaki ni watu wazima wenye kazi na familia mjini. Msiwaite siku ya mechi tu kuja kutupa. Mwiteni mmoja, yule aliyekuwa hapendwi kwa kusukumana chini ya goli, asimame na watoto mazoezini mara mbili kwa wiki jua likishapoa. Awafundishe kuita skrini kwa sauti, kuuzuia mwili kabla ya ribaundi, kurudi nyuma bila kulalamikia mwamuzi. Kwenye mechi mpeni dakika kumi, za robo ya pili, vijana wa kwanza wakipumzika.

Na mkitafuta kinda wa kumwekea matumaini, msimchague kwa urefu peke yake. Anayekaba akiwa amechoka ndiye huyo.

Mkongwe anayekaba lakini hajui kutupa kabisa, achukuliwe?

Mmoja, sawa. Wawili wakiwa uwanjani pamoja, wapinzani hujazana chini ya goli na makinda wako hawapati njia ya kupenya. Battier alithaminiwa pia kwa sababu ukimwachia kona anakuadhibu.

Dirisha la kubadilishana linafungwa lini, kwa saa zetu?

Kwa kawaida ni Alhamisi moja mwanzoni mwa Februari, saa tisa alasiri ya New York, ambayo kwetu ni saa tano usiku. Kwa hiyo ni mojawapo ya mambo machache ya NBA unayoweza kuyafuatilia ukiwa macho, maana mechi nyingi za Mashariki huanza saa tisa usiku na za pwani ya Magharibi zinakukuta kwenye chai ya asubuhi. Baada ya dirisha kufungwa timu bado inaweza kuvunja mkataba na mkongwe kwa makubaliano, naye akatafuta timu nyingine, ila awe ameachiwa ifikapo tarehe 1 Machi kama anataka kucheza mtoano. Wachezaji wazuri wa kukaba hupatikana pia kwenye siku hizo za mwisho, bure, na anayesuka hupoteza bila kulipwa hata chaguo la raundi ya pili.